Nguo Zisizo na Alama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa dobi, mjane wa miaka arobaini na minane, mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Alipokata shauri kuasili mtoto, dada yake alimshauri achukue mchanga, wa kunywa maziwa ya chupa, asiyekumbuka lolote. Mama Pasi akachukua binti wa miaka kumi na miwili ambaye familia mbili zilikuwa zimeshamrudisha kwenye kituo cha watoto.

"Mchanga atapata watu," alisema. "Huyu ananingoja mimi."

Dada akaguna, na dada huyo akiguna ujue ana mengi ya kusema. Mama Pasi hakumpa nafasi ya kuyasema.

Miezi sita ya majaribio ilipita vizuri mno, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili ya kushtuka. Binti alikuwa na adabu ya mgeni. Aliomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Alikula alichopakuliwa, hakuongeza. Akitoka shule alikunja mashuka nyuma ya kaunta, kona kwa kona, na Mama Pasi akajisifu kwa kila mteja kwamba amepata lulu.

Jumatano moja afisa wa ustawi wa jamii alikuja kwa mara ya mwisho kabla ya siku ya mahakama. Alizungumza na binti faraghani chumbani, kisha akatoka uso umemshuka.

"Amesema hataki," akamwambia Mama Pasi. "Na mtoto wa umri wake akikataa, hakimu hatamlazimisha. Jumatatu ataulizwa yeye mwenyewe."

"Hataki? Kwani nimemkosea nini?"

"Hilo hakusema, mama. Muulize taratibu."

Taratibu! Mama Pasi hakuwahi kufanya kitu taratibu maishani isipokuwa kupiga pasi hariri. Lakini akajikaza kisabuni, akavuta kiti hadi kwenye meza ambapo binti alikuwa akikunja foronya.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nimekuudhi kwa lipi?"

Binti alimaliza foronya ya kwanza, na ya pili.

"Nguo zenye alama zinarudi kwa wenyewe," alisema mwishowe. "Afadhali nirudi mwenyewe kabla hujanirudisha."

Kila nguo iliyoingia pale ilishonewa nyuzi ndani ya kola au pindo: nyekundu mbili za mwalimu, kijani tatu za kinyozi, kila mteja na yake, nguo zisije zikaenda kwa asiye mwenyewe. Nguo za nyumbani hazikushonewa kitu. Ziende wapi? Naye Mama Pasi, wiki ile binti alipofika, aliketi akiimba kwa furaha akazishonea nguo zote za mtoto huyo uzi wa manjano, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Alitaka isipotee hata soksi. Hakuwaza kingine.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Wiki ya pili. Uliponifundisha kazi."

Miezi sita mtoto alikuwa amelala nyumbani mwake kama furushi kwenye rafu, akingoja kuchukuliwa. Mama Pasi aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma zaidi kwa sababu kosa lenyewe alikuwa amelifanya kwa mapenzi.

"Nimekosa," alisema. "Nimekosa, mwanangu, nisamehe."

Akaleta wembe, akazimwaga nguo zote za binti mezani, akaanza kufumua.

"Zitapotea," binti akasema.

"Zikipotea nitazitafuta."

"Na zikienda kwa wateja?"

"Nitawafuata huko huko waliko."

Binti hakuondoka mezani.

Jumamosi asubuhi sweta la shule halikuonekana. Mama Pasi alipekua makapu, kamba za kuanikia, chini ya kitanda, wapi! Mafurushi ya wateja kumi na mmoja yalikuwa yametoka jana yake, na sweta lazima liwe katika mojawapo. Akazima pasi. Akawaambia waliopanga foleni warudi Jumanne, waliosonya wakasonya, akajifunga kibwebwe, akamshika binti mkono wakatoka.

Kwa kinyozi, halipo. Kwa mwenye duka la dawa, halipo. Kwa mwalimu walipanda ghorofa nne kwa miguu, halipo. Kwenye kila mlango Mama Pasi alisema neno lile lile, kwa sauti ya kusikika hadi chini ya ngazi: "Natafuta sweta la binti yangu."

"Umefunga duka Jumamosi kwa sweta moja?" mshona viatu akamtania. "Si umnunulie jipya?"

"Sitaki jipya. Nataka lake."

Mlango wa kumi na moja ulifunguliwa na mzee mstaafu wa posta, sweta liko mkononi.

"Nikasema dogo hivi ni la nani? Lina alama gani, nijue ni lenyewe?"

"Halina alama," Mama Pasi akajibu. "Ni la nyumbani."

Walipofika barabarani binti akasimama.

"Niliweka mimi," alisema, macho chini. "Nililitia kwenye furushi la mzee kwa mkono wangu."

"Yaani ulijua tangu mlango wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Milango kumi ya bure! Ghorofa nne, na kisigino changu hiki!" Hasira ilimpanda Mama Pasi hadi utosini, wala hakuificha; wapita njia waligeuka. "Utaosha vyombo wiki nzima! Asubuhi na jioni, na masufuria yote!"

Binti akainua uso. Midomo yake ilikuwa inahesabu siku, ikaipita Jumatatu.

"Wiki nzima? Mpaka Ijumaa?"

"Mpaka Ijumaa. Na ukinuna, mpaka Ijumaa nyingine."

Binti akalivaa sweta lake papo hapo, jua kali vile vile.

Jumatatu hakimu alimwita mbele na kumuuliza kwa upole, "Unakubali huyu awe mama yako?"

"Ameniadhibu," binti akajibu.

Afisa akafumba macho. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Amekufanya nini?"

"Vyombo, wiki nzima. Nimeosha siku mbili, bado tano."

"Binti, mimi nimekuuliza swali lingine."

"Ndilo ninalojibu, mheshimiwa. Siendi popote. Nakubali."

Mama Pasi akaangua kilio mbele ya watu wote, bila haya, mpaka karani akashindwa kumpa fomu. Binti akaipokea yeye, akamwekea magotini, akamtia kalamu mkononi.

"Watu wanangoja," alimnong'oneza. "Tia sahihi twende, vyombo vya asubuhi bado sijaosha."