Mama Mkwe Katika Chumba cha Vyungu

Mama mkwe wangu alipoletwa kutoka Ilemba kuja kutolewa mtoto wa jicho, chumba pekee cha kumlaza hapa kwetu Chanji kilikuwa kile ninachohifadhi vyungu vyangu. Nilimwomba mke wangu, Scola, anipe siku mbili nivihamishe. Akanijibu kwamba mama yake ni mgonjwa, na mgonjwa hawezi kukaa nje akisubiri vyungu vihame. Alipomaliza kusema hivyo godoro lilikuwa limeshaingia.

Nijieleze kidogo, maana katika mji wetu mtu mwenye vyungu kumi na kimoja vyenye matundu chini, pamoja na miti iliyokataa kurefuka, hujikuta anajieleza mara kwa mara. Mimi nauza vyombo vya mtumba kutoka Japani pale sokoni: sahani, mabakuli, chupa za chai. Miaka minane iliyopita, ndani ya boksi moja, nilikuta chungu kifupi cha udongo chenye miguu minne na matundu. Nikaulizia kwenye simu, nikaambiwa ni cha kupandia bonsai, ile miti ambayo Wajapani huipunguza mizizi na matawi mpaka mti wa miaka hamsini unatosha mezani. Nikaambiwa pia kwamba vile vya zamani, vilivyofinyangwa kwa mkono, vina watu wanaovitafuta dunia nzima. Hapo nikanasa. Tangu siku hiyo kila boksi nalifungua mwenyewe.

Fahari yangu ilikuwa chungu kimoja cha bluu, kinachong'aa, chenye muhuri wa mfinyanzi chini yake. Sikukipandia kitu, nikiona hakuna mti unaokistahili. Kila mgeni nilimwonyesha, na kwa sauti ya mtu anayejua nikamwambia kwamba mikono iliyokifinyanga huenda imeshazikwa.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mimi ni Mfipa, Scola ni Msukuma, na kwao mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na kuingia chumba anacholala ni aibu hata kuitamka. Kwa miaka kumi na minne nimemwamkia Mama Masalu nikiwa nimetazama pembeni. Kwa hiyo tangu godoro lilipoingia, vyungu vyangu vilikuwa ndani, mimi nje, na aliyekuwa navyo ni mama asiyeona mbele yake.

Asubuhi ya pili nikasikia kutoka mle chumbani: ngo, ngo, ngo. Mtu anagonga vyungu kwa kifundo cha kidole. Nilimwita Scola kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Akaingia, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akatoka anacheka. Kumbe mama yake, kule Kahama kabla hawajahamia bondeni Ilemba na ng'ombe wao, alikuwa mfinyanzi wa kutajwa. Alikuwa amevipapasa vyote na kuvigawa. Tisa ameviweka mlangoni, viwili ameviweka karibu na mto wake. Wale tisa, alisema, hawana mama. Wametoka kwenye kalibu ya kiwandani. Hawa wawili wamefinyangwa na mtu.

Nikauliza cha bluu kiko wapi. Scola akasema kiko mlangoni.

Nina hasira za karibu, nakiri. Nikasema maneno mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba asiyeona asihukumu rangi. Scola akaninyooshea kidole juu, penye bati. Nyumba yetu haina dari, kuta zinaishia kabla ya bati, kwa hiyo ukisema sebuleni umesema nyumba nzima.

"Baba Agnesi," mama mkwe akaita kutoka ndani, kwa jina la binti yetu.

Hajawahi kuniita moja kwa moja. Nilisimama wima.

"Rangi sijaihukumu, baba. Sijaiona. Ingiza mkono ndani, chini ya ukingo. Ila usitazame."

Scola akaniletea viwili, cha bluu na kimoja cha kahawia kutoka kando ya mto. Hicho cha kahawia, Mungu anisamehe, nilikuwa natunzia misumari. Nikafumba macho kama mtoto anayechezeshwa. Ndani ya cha bluu kidole changu kiliteleza tu, pembe zote nne sawasawa. Ndani ya cha kahawia, chini ya ukingo, nikakuta kibonyeo, na dole gumba langu likakaa humo lenyewe. Pembeni yake kulikuwa na kingine, na kingine tena kisicho na kina, labda pale mfinyanzi alipoitwa akageuka. Mtu alikuwa amekaa mahali fulani huko Japani, zamani, akabonyeza udongo huu, na mimi nilikuwa nimeuwekea misumari.

Niliona haya na furaha kwa pamoja. Haya kwa sababu ya wageni wote niliowahubiria mkono wa marehemu kumbe ni mashine. Furaha kwa sababu kweli nilikuwa na chungu halisi, na sasa nilikijua.

"Huyo alitumia mkono wa kushoto," sauti ikaongeza. "Na hakuwa na haraka."

Furaha yangu haikumaliza siku. Jioni Scola aliniambia kwamba mama amekipenda sana kile cha kahawia, hata kulala analala amekishika. Nikaelewa mambo yanakoelekea. Mgeni haondoki mikono mitupu, na mama mkwe akitaja kitu, mkwe hana mdomo wa kukataa. Nilihangaika wiki nzima. Nikamwomba Scola akichukue akakioshe. Akasema ni kisafi. Nikanunua blanketi zito la kumzawadia, labda ataridhika nalo. Scola akaniuliza blanketi la nini Ilemba, ambako watu wanalala uani kwa joto.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuondoka, kaka yake Scola, Masalu, alikuja kumchukua mama yake, na Scola akavitoa vyungu vyote kumi na kimoja uani ili mama achague kimoja. Mimi nilisimama penye uzio, nimewapa mgongo, natazama alizeti za jirani. Nilimsikia akivinyanyua kimoja kimoja na kuvirudisha. Nikajiambia, Leonsi, kuwa mwanaume, ni udongo tu.

"Nitachukua hiki."

Masalu akacheka. Scola akauliza, "Mama, hicho cha bluu?"

"Hiki hiki."

Adabu ilinitoka, nikageuka. Alikuwa amekiinua juani kwa mikono miwili, jicho bado jekundu, anakizungusha taratibu na kutabasamu. Nikainamisha uso nikamuuliza kwa heshima mbona yeye mwenyewe alisema hicho hakina mama.

"Mikono ilishasema ya kwake," akanijibu. "Leo ni zamu ya macho. Kitu kinachong'aa hivi, baba, ulitaka nikiache?"

Nikasema hapana, mama. Nilikuwa nimeshajihesabu mjinga wa miaka minane, na huyu mfinyanzi alikuwa amenaswa palepale niliponaswa mimi. Nikakifunga kwa magazeti, tabaka tatu, nikampa Scola, na Scola akampa mama yake.