Mlango Usiovuja

Siku kamati ya bunge ilipokuja kuangalia kama serikali inusuru kiwanda cha magari au ikiache kife, wafanyakazi walianza asubuhi na kazi ya ajabu: kuficha magari yao. Maana, jamani, tuambizane ukweli, watu walioshinda wakiunda magari ya nyumbani walikuwa wanakuja kazini na mitumba kutoka nje! Meneja akaamuru yote yapelekwe nyuma ya stoo ya rangi, yafunikwe maturubai.

Gari la Mama Milango lilikuwa miongoni mwa hayo. Walimwita hivyo kwa sababu kila mlango wa gari pale kiwandani ulipita mikononi mwake. Gari lenyewe aliuziwa na shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye yadi ya mitumba. Jana yake shemeji alikuwa amemchokoza mezani: "Serikali iwabebe mgongoni mpaka lini? Kodi yangu si ya kulea wavivu."

"Ungefanya kazi yetu siku moja tu, ungeomba maji," alimjibu. Lakini aliisukuma sahani kando. Kiwanda kikifungwa, umri ule nani angemwajiri? Na kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka.

Sasa mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani mizito, alikuwa akimsikiliza meneja akijimwagia sifa. Mama Milango, kwa woga, alikuwa akifinyafinya kitu mfukoni. Lahaula! Ilikuwa rimoti ya gari. King'ora kikaanza kulia nyuma ya stoo.

Mzee akaifuata sauti. Akavuta turubai la kwanza, la pili, la tatu.

"Ala! Ninyi wenyewe hamyataki magari yenu, halafu serikali ndiyo iyanunue? Hili linalopiga kelele la nani?"

Meneja alitazama viatu vyake. Mama Milango angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemchongea. Akapiga hatua mbele.

"Langu, mheshimiwa. Mimi ndiye fundi wa milango."

"Na kwa nini hukununua mnalounda?"

"Milango ilikuwa inavuja. Mpira wa kuziba kingo tuliopewa ulikuwa hovyo, mvua ikinyesha abiria anaoga. Tukaubadilisha, lakini wateja walishakimbia, na hakuna aliyerudi kutazama. Hata mimi sikurudi."

"Maneno matupu hayo."

"Basi twende tukakae ndani ya moja, limwagiwe maji."

Desturi ya kiwanda ilikuwa hiyo: fundi aliyefunga mlango ndiye anayekaa kitini wakati gari linamwagiwa maji. Walipofika penye majaribio, mzee alitazama suti yake, akatazama mipira ya maji iliyopangwa juu, akaguna.

"Nikilowa?"

"Ukilowa, kifungeni kiwanda. Sitasema neno."

Wenzake walishika vichwa. Huyu mama ametumaliza!

Wakaingia, maji yakaporomoka juu ya bati kwa kishindo. Mama Milango alifumba macho. Mzee alipapasa ukingo wa mlango, akapapasa sakafu, akapapasa tena. Kukavu kabisa.

"Siahidi kitu," alisema waliposhuka. Lakini alirudi akaufungua mlango na kuufunga tena, peke yake.

Jibu lilikuja kabla ya msimu wa mvua. Serikali ingenunua magari ya wagonjwa pale kwa muda maalumu, kisha kiwanda kitembee kwa miguu yake. Yakivuja, mkataba umekwisha. Watu walirukaruka mpaka mpishi wa kantini akaacha sufuria ikaungua.

Mama Milango alitoka kazini moja kwa moja hadi yadi ya shemeji yake, akaweka funguo mezani.

"Nitafutie mteja."

"He! Na wewe utaendesha nini?"

"Letu. Watanikata kwenye mshahara."

Shemeji akacheka. "Haya, na likivuja?"

"Likivuja, shemeji, nitalowa mimi kwanza."

Shemeji alizichukua funguo, akazigeuzageuza. "Ukilipata," alisema, "lipitishe hapa nilione."