Theluthi ya Shemeji

Fundi wa milango alikuwa na kauli moja aliyoipenda kuliko chai: kwamba katika mji mzima hakuna mlango alioahidi ukachelewa. Aliisema tena asubuhi ile mezani, shavu limejaa mkate, huku upepo ukilipulizia usoni pake pazia la maua lililoning'inia kati ya sebule na jikoni, mahali ambapo mlango aliomwahidi mke wake ulikuwa unasubiriwa mwaka wa nne sasa. Mke wake alilisukuma pazia kwa kiwiko, akatua birika. Mama yake Fundi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Polisi walifika kabla chai haijapoa. Vitasa ishirini na vinne, vilivyokuwa viwekwe kwenye milango ya shule, vilikuwa vimetoweka stoo ya karakana, na funguo za stoo walikuwa nazo watu wawili tu: Fundi na mdogo wake. Mdogo huyo mtaa mzima ulimwita Kipenzi, kwa sababu mama yao alimwita hivyo na hakuna aliyetaka kubishana na mama yao. Aliyeiba ni Kipenzi. Hilo alilijua Kipenzi mwenyewe na alilijua mnunuzi wa vitasa. Fundi alilijua dakika kumi baadaye, walipokaa bega kwa bega nyuma ya gari la polisi akaona mdogo wake anavyovikodolea macho viatu vyake.

"Ni wewe," Fundi alisema.

"Kaka, usinianze asubuhi yote hii."

Mahakamani karani alisimama, akasoma kwamba washitakiwa wawili, kwa pamoja, waliiba vitasa ishirini na vinne. Kisha akamgeukia Kipenzi. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, ila..."

"Fomu haina ila," karani alisema bila ubaya wowote. "Ina kweli, na ina si kweli."

Kipenzi alitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Iliandikwa kwa kalamu nene: anayekiri siku ya kwanza hupunguziwa theluthi, anayekiri kabla ya mashahidi, robo, anayekiri shahidi akishaanza kusema, sehemu moja ya kumi. Anayebisha hadi mwisho hakuandikiwa kitu.

"Basi ni kweli," Kipenzi alisema, na lile neno "kwa pamoja" likapita ndani ya kweli yake kama mtoto anayepenya mlangoni amejificha kwenye gauni la mama.

Fundi alipoulizwa alisema si kweli. Alisema kwa sauti ya kutosha vyumba viwili.

Hakimu alikuwa mama mpole aliyekunywa maji ya moto siku nzima kwa ajili ya koo. Alimweleza Kipenzi kwamba kosa lake ni la miezi thelathini na sita, lakini kwa kuwa ameiokolea mahakama muda, mahakama nayo inamrudishia wake. Karani akagonga muhuri. Theluthi ya Kipenzi ikashuka kizimbani, ikamwamkia mama yake, ikauliza kama kuna mtu ana nauli ya ziada, ikaenda nyumbani. Theluthi mbili zilizobaki zikapanda karandinga kwenda gerezani.

Theluthi ile haikuwa kipande cha mtu. Kuanzia robo kwenda juu, sheria humtoa mtu na umbo lake. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa Kipenzi mtupu, urefu uleule na mwanya uleule. Ikigeuka ubavu ilikuwa na unene wa ubao wa kabati. Mizani ya duka la dawa iliipa kilo ishirini na mbili. Ilikula theluthi ya sahani, na katika kila sentensi tatu ilizofikiria, ilisema moja.

Fundi hakuhukumiwa. Aliyesema si kweli lazima athibitishiwe, na kuthibitishiwa huchukua muda. Kesi yake iliahirishwa kwa sababu faili halikuonekana, ikaahirishwa kwa sababu faili limeonekana lakini mwendesha mashitaka hakuonekana. Yeye akabaki mahabusu ya gereza lilelile, mzima, kilo zake zote sabini na mbili.

Mke wake alikuja kila Alhamisi, wakaongea kupitia wavu.

"Shemeji anakusalimia," alisema Alhamisi ya kwanza.

"Inanisalimia," Fundi alimsahihisha.

"Nini?"

"Theluthi. Theluthi inasalimia. Mtu ndiye anayesalimia."

"Mama amesema atakayemwita mwanawe 'inakula, inalala' kama kiti, atamfuata hukohuko jela na kijiko cha mbao."

"Basi mwambie mama naye namsalimia."

Alhamisi ya tatu mke wake alikuja amesuka nywele. Fundi aliihesabu mistari. Ilikuwa kumi na minne.

"Nani amekwambia usuke?"

"Kichwa changu."

"Na hiyo nyingine imesemaje ilipokuona?"

"Shemeji? Amesema nimependeza. Halafu akanyamaza." Mke wake alitabasamu kidogo, si kwa Fundi, bali kwa wavu. "Unajua zamani alivyokuwa, maneno kama redio imeharibika kitufe. Sasa anasema moja tu. Na ile moja ndiyo ya maana."

Fundi alirudi mahabusu akaitafakari ile sentensi moja mpaka chakula kikapoa. Angekuwa yeye angesema tatu, na zote tatu zingekuwa kuhusu milango.

Alhamisi ya tano mke wake alizungusha maneno, akauliza hali ya jino lake, akauliza kama mikeka ya kulalia inatosha, kisha akasema, "Jikoni kuna mlango."

"Mlango gani?"

"Wa mbao. Ametengeneza shemeji. Jumamosi na Jumapili tu."

Askari magereza aliyesimama karibu alisema, "Afadhali," akaomba radhi.

"Unalia ukifungwa?" Fundi aliuliza.

"Haulii."

"Umetiwa bawaba ngapi?"

"Tatu."

Fundi alikuwa amepanga kutia mbili. Aliushika wavu kwa vidole vyote. "Na pazia langu?"

"Mama amelifanya tambara."

Ubaya ni kwamba iliyotoka ilikuwa theluthi iliyokiri, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa na haya, subira na mkono wa kazi. Zilizobaki gerezani zilikuwa zile theluthi mbili nyingine, na hizo ndizo Fundi alizokutana nazo kila siku uani wakati wa kuota jua. Ziliiba karata, zikamdokolea mkate, zikaapa kwa jina la mama hazijaugusa huku makombo yako kidevuni.

"Mdogo wangu," Fundi aliziambia, "nenda kaseme ulikuwa peke yako."

"Kaka, fikiria basi. Nilishakubali 'kwa pamoja'. Nikikana neno moja nimekana yote. Watairudisha theluthi yangu humu, niwe mzima gerezani. Nani anataka kuwa mzima mahali kama hapa?"

"Mimi ni mzima mahali kama hapa."

"Ndiyo," zilisema zile theluthi mbili kwa huruma ya kweli, "ila wewe ulitaka mwenyewe."

Mke wake naye hakukaa bure. Alikwenda kwa karani mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na shemeji yake, ambaye alikuwa tayari kusema kilichotokea. Karani aliigeuza theluthi ubavu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasikitika. Shahidi anatakiwa awe nusu au zaidi. Mara ya pili alikwenda peke yake, akaeleza kwamba siku vitasa vilipoibwa mume wake hakutoka kitandani kwa jino, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemchemshia maji ya chumvi toka asubuhi hadi jioni. Karani alisema hiyo ni habari nzuri kabisa, na kwamba orodha ya mashahidi ilifungwa Ijumaa.

"Tusubiri tu," mke wake alimwambia Fundi. "Hujaiba. Mwisho wataona."

"Ilisema nini jana?" Fundi aliuliza.

"Nani?"

"Si unaijua."

Mke wake alivuta pumzi. "Alisema mboga imekolea chumvi vizuri."

Katika miaka tisa ya ndoa Fundi hakuwahi kuisifu mboga. Aliila, akaongeza, akaamini kwamba kuongeza ni kusifu. Usiku huo na siku iliyofuata hakuona kingine ila mkono mwembamba kama rula ukisogeza sahani mbele, na mke wake akiipokea.

Ndipo alipoanza kupiga hesabu ya sehemu moja ya kumi. Kesi ilipoanza hatimaye, mlinda stoo wa karakana alikuwa ametoa ushahidi kwamba funguo zilikuwa mbili, kwa hiyo theluthi ilikwisha pita, na robo ilikwisha pita. Ya kumi haitoshi kumpa mtu umbo. Hutoka viungo tu. Mjini walikuwepo wa namna hiyo na hakuna aliyewakodolea macho. Kwa mpiga chapa, kwa mfano, lilirudi sikio na goti, na sikio lilikaa kaunta likichukua oda kama kawaida. Kilo saba na kidogo, Fundi aliwaza. Mkono wa kulia wa kuung'oa ule mlango na kuuweka mwingine. Na jicho. Hasa jicho. Jicho moja juu ya kabati la vyombo lingemtosha sana.

Alipomwambia mke wake, mke wake aliweka paji la uso kwenye wavu.

"Utasema umeiba vitu ambavyo hukuiba?"

"Nitasema neno moja tu. Nirudi nyumbani."

"Utarudi jicho!"

"Jicho la mume ni mume."

"Fundi, ukisema hilo neno, kesi imekwisha. Sasa hivi bado wanaweza kukuachia wote, na miguu yako, na huo mdomo wako. Mimi nitaishi vipi na jicho? Nikikuchemshia maji ya chumvi nikutilie wapi?"

Askari magereza alisema muda umekwisha, akatazama pembeni, kwa kuwa naye alikuwa na mke.

Siku ya kesi mvua ilikuwa imenyesha na mahakama ilinuka makoti. Benchi la nyuma walikaa mama, mke, na kati yao theluthi, imeegemezwa vizuri isidondoke. Fundi aliiona kutoka kizimbani. Aliona pia kwamba mke wake alikuwa ameishikia kofia.

"Mheshimiwa," alisema kabla hajaulizwa, "nabadilisha. Ni kweli."

Hakimu aliweka chini kikombe chake cha maji ya moto, akafurahi, kwa sababu siku hiyo alikuwa na mafaili arobaini. "Unakiri kwa hiari yako?"

"Hiari tupu."

"Na unajuta? Mahakama haimpunguzii mtu kwa kuchoka. Inampunguzia kwa kujuta."

"Najuta sana, mheshimiwa. Hata chakula hakipiti."

Karani akaanza kusoma maelezo ya kosa ili ayakubali moja baada ya jingine. Kwamba alifungua stoo. Ni kweli. Kwamba alivitoa vitasa vyote. Ni kweli. Hapo mstari ulikuwa umefutika, na karani, mtu makini, akamwomba aujaze mwenyewe: alivitia kwenye nini?

Fundi alifikiri. "Kwenye boksi."

"Gunia," ilisema theluthi kutoka benchi la nyuma.

Hakimu aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni theluthi ya mfungwa, mheshimiwa," karani alieleza. "Haitoshi kuwa shahidi."

"Kumwachia mtu haitoshi," hakimu alisema baada ya kupekua kitabu. "Lakini kumtilia mtu mashaka, hata kidogo hutosha. Isimame."

Theluthi ilisimama. Ilionekana ina sentensi tatu. Mbili ilizimeza, moja baada ya nyingine, na koo lake jembamba likaonyesha zinavyoshuka.

"Kaka hajuti, mheshimiwa, kaka ana wivu," ilisema, ikakaa.

Hakuna aliyeshtuka. Karani aliinua kalamu. "Wivu niuandike upande upi? Wa kupunguza au wa kuongeza?"

Hakimu alikunywa funda la maji. "Futa majuto, andika wivu palepale. Kukiri kwake kunabaki, kwa kuwa amekiri. Kupunguziwa kunaondoka, kwa kuwa hajuti. Miezi thelathini na sita, yote."

"Sina wivu!" Fundi alisema, kizimba kikatikisika. "Naapa mheshimiwa, vyote nimevikubali, lakini hilo si kweli. Mimi wivu siujui hata harufu yake!"

Hakimu alikuwa mtu wa haki, hakupenda kuandika jambo lenye ubishi. Alimwita mke wa mshitakiwa mbele. Karani alimtazama kutoka utosini hadi viatuni, akathibitisha kwamba shahidi huyu ni mzima.

"Mama," hakimu alimwuliza, "mume wako ana wivu?"

Mke wa Fundi alimtazama mume wake. Alikuwa amekuja na neno jingine, la jino na maji ya chumvi, na neno hilo lilikuwa bado limemjaa mdomoni. Lakini aliulizwa alichoulizwa, na alikuwa ameapishwa.

"Tangu siku ya harusi, mheshimiwa," alisema. "Alimwonea wivu hata mpiga picha."

Karani aliandika, akaweka nukta. Kuhusu vitasa hakuna aliyemwuliza.