Abiria wa Madame Kavugho

Wanafunzi wa informatika wa mwaka wa mwisho, kule Kisangani, wanamwogopa mtu mmoja ambaye hawajawahi kumwona. Anaitwa Edouard. Si profesa wala si mkaguzi. Ni jina tu ndani ya faili, lakini jina hilo limeangusha programu nyingi kuliko umeme unavyoziangusha ukikatika, na umeme wetu mnaujua.

Faili yenyewe huigawa Madame Kavugho. Yeye ndiye anayewaongoza katika kazi yao ya mwisho, ile wanayoitetea mbele ya jopo kabla ya kupewa diploma, na mchezo hataki. Kila mmoja atengeneze programu ya shirika la usafiri: nani kapanda lori, katoka wapi, kafika lini. Ili waijaribu, anawapa majina ya abiria aliyoyachapa mwenyewe, maana amechoka kuona vijana wazima wanajaza majina ya mzaha, Toto na Tata, kila mahali. Abiria wote wana tarehe ya kuondoka na tarehe ya kufika. Edouard ana ya kuondoka peke yake. Programu ikifika kwake inajikwaa, inatoa maandishi mekundu, inanyamaza. Vijana wanamwita "abiria wa Madame" na wanadhani ni mtego.

Mtego gani, jamani! Edouard ni mume wake.

Aliondoka Butembo na lori la bidhaa, akapiga simu akiwa Mambasa: "Jumamosi nakula lituma kwako." Mtu wa milimani huyo, ambaye mwaka wake wa kwanza Kisangani aliicheka lituma, akasema ndizi za kupondwa ni chakula cha wasio na meno, kisha ikamshika akawa anaiomba hata asubuhi. Jumamosi hiyo Kavugho akaponda, akafunika, akangoja. Lori halikuonekana. Dereva hakuonekana, wala hakutokea mtu wa kusema nimewaona hapa au nimewaona pale. Barabara haikuwa na usalama siku zile. Miaka imepita, na mpaka leo lori likipunguza mwendo mbele ya nyumba yake, huyu mwanamke mwenye digrii zake anasimama na kwenda dirishani. Alimtamani. Kwa nini tuzunguke? Alimtamani mumewe vilevile, sauti yake, mikono yake, hata ile tabia yake mbaya ya kuacha viatu mlangoni watu wajikwae.

Kwa hiyo kila mwaka, kazi zikiletwa, kabla hajasoma utangulizi wala shukrani kwa Mungu na kwa wazazi, anatafuta kwanza walichomfanyia Edouard. Wengi humfuta. Hao hukiona cha moto. Wengine humrukia, programu ipite kando yake bila kumtazama. Mwaka mmoja kijana aitwaye Merdi, mvivu wa kupindukia, alimbandika tu tarehe ya wenzake, na pale kwenye kioo cha kompyuta ikasomeka kwamba Edouard amefika, Jumamosi, salama. Kavugho alijua ni uvivu. Alikaa akiitazama ile tarehe mpaka mlinzi akaja kufunga ofisi. Akampa Merdi alama ambazo hakustahili hata kidogo, akapita sokoni, akanunua ndizi. Usimcheke. Kama hujawahi kumngoja mtu, usimcheke.

Mwaka huu, wakati wanafunzi wako mbioni kumaliza, shemeji yake alikuja kumwona nyumbani, komini ya Tshopo. Shemeji huyo ni Élie, mdogo wake Edouard, mwenye duka la jumla mjini. Ni mtu mpole, tena siku hiyo upole ulimzidi, na Kavugho akajua kabla hajakaa kwamba hakuleta habari njema.

"Shemeji, mama ndiye ananituma," Élie akasema. "Amezeeka. Anasema anataka kumulilia mutoto wake mbele ya kufa yeye mwenyewe."

"Mutoto wake hajakufa."

"Bon. Basi iko wapi?"

Kavugho akageukia dirisha.

"Unajua vile tuko kwetu," Élie akaendelea, akitazama kofia yake. "Hatuwezi kuweka matanga kama bibi ya mutu hajasema neno, kwamba bwana yake amekufa. Misa hakuna, kilio hakuna. Mama anaamka asubuhi, anashika kinywa. Tunakungojea wewe. Maliza na wanafunzi wako, kisha unipatie jibu, ndiyo ao hapana. Nitamupelekea."

Alipoondoka, Kavugho alikasirika, akapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Neno! Wao wanaliona neno. Yeye aliliona kisu. Akisema ndiyo, basi ni yeye atakayemuua Edouard kwa kinywa chake, na siku akitokea mlangoni na vumbi lake la safari, atamwambia nini? Akisema hapana, bibi kizee kule Butembo atakufa na kilio chake kifuani.

Sasa, Madame Kavugho ana kanuni moja ambayo wanafunzi huiigiza wakiwa peke yao, pamoja na kidole chake kikiwa juu: usibahatishe, usipojua nenda kwa mwenye kazi umuulize. Wote huiandika vizuri kwenye kazi zao. Kuifuata ndiyo hakuna. Mpaka mchana mmoja Prudence akabisha hodi ofisini, binti mkimya wa familia iliyotoka Yanonge, watu wa mtoni, na kompyuta yake kaikumbatia.

"Madame, pardon. Huyu Edouard, alifika?"

Kavugho akainua kichwa. "Unasema?"

"Nauliza kama alifika. Wenzangu wanasema ni mutego, donc niandike tu kitu ipite. Lakini mimi kwetu tuko watu ya mai. Boti ikikawia, hatubakie nyumbani kubahatisha. Tunashuka ku beach, kule boti zinafungwa, tunauliza kila mutu mwenye kushuka. Faili iko yenu, Madame. Njo maana nauliza ninyi."

Miaka yote hiyo! Vijana wote wale, wajanja wa kila namna, na hakuna aliyewahi kuuliza. Madame Kavugho akaweka kalamu chini.

"Sijui," akasema.

"Alors, mutu mwenye hatujui kama alifika, tunamuandika namna gani?"

"Fanya unavyoona."

"Hapana, Madame. Mulikataza kubahatisha."

Kavugho akacheka kidogo, cheko la mtu aliyenaswa na kamba yake mwenyewe. Akatazama nje, kwenye uwanja ambako madereva wa toleka walikuwa wameegemea baiskeli zao wakingoja wateja.

"Andika anangojewa," akasema.

Prudence akachapa papo hapo. Programu yake aliifanya kwa Kiswahili, maana, alisema, wapakiaji wa malori hawatasoma Kifaransa cha mahakamani. Kisha akauliza tena, kwa adabu tu, kama mtengenezaji mzuri anavyopaswa kuuliza:

"Anangojewa mpaka lini, Madame?"

"Toka, binti yangu. Nina kazi."

Prudence akatoka. Kazi haikufanyika. Madame Kavugho alifunga mlango kwa ufunguo, akalia kwa sauti ndogo, kiganja mdomoni, wenzake wa ofisi ya pili wasisikie.

Siku ya kutetea ikafika. Kwetu siku hiyo haiendi mtu peke yake. Mama, shangazi, majirani, wote wanakuja na vitenge vya kufanana, na kila mmoja ana kopo la poda nyeupe, kwa sababu mtoto akitoka ameshinda lazima amwagiwe kichwani mpaka afanane na mzuka. Mama yake Prudence, Mama Josée, alikuwa kwenye korido na kundi lake tangu asubuhi, wakijaribu vigelegele, na mlinzi ameshachoka kuwanyamazisha.

Ndani, Prudence alieleza bila kutetemeka. Programu ilitembea. Projekta ilitupa majina ukutani, makubwa, na abiria wakawa wanafika mmoja mmoja, mpaka akaja Edouard, na kando yake neno lile: anangojewa. Kavugho alikuwa amekaa pembeni, mahali pa mwongozaji, ambaye kwa desturi hasemi kitu mpaka apewe nafasi mwishoni.

Mwenyekiti wa jopo, Profesa Constant, akavua miwani. "Huyu anangojewa tangu miaka hiyo yote? Mademoiselle, shirika gani linaacha jina wazi namna hii? Lifunge, alifika au hakufika, tuone programu yako inavyofunga."

"Siwezi, Prof."

"Huwezi, au haiwezi?"

"Inaweza. Lakini niliweka sheria. Mutu mwenye anangojewa, anafungwa na yule mwenye kumungojea. Mwingine hapana."

"Naye ni nani?"

Prudence akainamisha macho. Alikuwa ameelewa siku ile ile, ofisini, na hakumwambia mtu. Hata sasa hakusema. Profesa akashika kalamu. "Kazi isiyofungika haijakamilika," akasema, akaanza kuandika, na kila mtu mle ndani alijua anaandika nini.

Madame Kavugho alilitazama lile jina ukutani. Hajawahi kuliona kubwa hivyo. Anangojewa. Ndiyo, kweli, lakini si yeye tu anayemngoja. Kule Butembo yuko mama aliyemzaa, anangoja pia, tena yeye hana hata ruhusa ya kulia, na aliyemnyima ruhusa ni nani? Akasimama. Profesa akasema, "Madame, nafasi yenu bado," naye akapita kama hakusikia, akasogeza kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya mwanafunzi wake.

Akachagua: hakufika.

Programu ikamuuliza: Una hakika?

Ni yeye aliyewafundisha hivyo. Jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, lazima mashine iulize mara ya pili. Kidole chake kikasimama hewani. Jopo likangoja. Prudence akapiga magoti kando yake, akasema kwa sauti ya chini, "Madame, si lazima. Acha wanikatie alama."

"Si kwa ajili ya alama, binti yangu," Kavugho akasema. Akanong'ona tena, lakini si kwa Prudence, ni kwa Edouard: "Nisamehe, papa. Nilingoja sana."

Akabonyeza ndiyo.

Na hapo sauti ikamtoka. Si ile ndogo ya ofisini. Ilikuwa yowe la mjane, lote zima, la miaka yote, likaupasua ukumbi mpaka Profesa Constant akaangusha kalamu. Kavugho aliteremka kwenye kiti, akakaa sakafuni na nguo zake nzuri za siku ya jopo.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Wale mama waliingia na poda viganjani, wakidhani mtoto wao ameanguka. Wakamwona Prudence yuko mzima, analia. Wakamwona Madame yuko chini. Profesa akafungua mdomo aeleze. Mama Josée hakumngoja. Alifuta poda kwenye kitenge chake, akavua kilemba, akakaa kwenye sementi bega kwa bega na mwanamke ambaye hajawahi kuongea naye.

"Tunalia nani, mama?" akauliza.

"Edouard," Kavugho akasema. "Mume wangu."

Mama Josée hakuuliza zaidi. Akapaza sauti: "Papa Edouard eee! Papa Edouard, umetuacha na nani!" Wenzake wakapokea, wanawake wa Yanonge wasiomjua hata sura, wakamlia kwa jina lake, mmoja akianza mwingine akijibu, mpaka madarasa ya jirani yakanyamaza.

Katikati ya kilio hicho Kavugho akatoa simu kwenye mkoba, akampigia Élie. Élie akaitika, "Allô, shemeji?" Kavugho akainua simu juu, kuelekea kwa wale mama, akaishikilia hapo, shemeji yake asikie jibu.