Sifuri za Miguu

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walimsema mgonjwa. Katika kliniki moja ya wanyama pale Ganjoni, aliyeficha maradhi alikuwa mpimaji, na kilichomuumbua hakikuwa kifo. Alikuwa mbwa aliye hai, Kamanda, mlinzi wa ghala Shimanzi, aliyeingia akichechemea.

"Wiki mbili namnywesha dawa yenu," alisema Awino, mama anayemtunza, "na bado anajilamba mpaka damu. Au mlinipa peremende?"

Daktari Nanjala akafungua faili. Mzio wa ngozi hupimwa kwa macho na mikono: sehemu ishirini za mwili, kila moja ikipewa alama sifuri hadi tatu kwa wekundu, kwa michubuko na kwa ugumu wa ngozi. Jumla ndiyo iliyoamua Kamanda apewe dawa hafifu.

"Masikio, moja. Tumbo, moja. Miguu yote, sifuri. Swabaha, ulimtazama vidoleni?"

Uso ulimuungua Swabaha, msaidizi aliyempima Kamanda, chini ya mtandio. Hakumtazama. Siku ile glavu zilikuwa zimekwisha, na nyayo za Kamanda zilikuwa chepechepe kwa mate. Angemshika, ingembidi aoshe mikono mara saba, moja kwa udongo, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, kama alivyolelewa kwao Bondeni. Mara ya kwanza alipofanya hivyo uani, Seth, mwenzake wa kazini, alimuuliza kwa sauti kubwa iwapo anapanda mchicha, na benchi zima la wateja likaangua kicheko. Hakutaka kuchekwa tena. Akaandika sifuri.

Sasa uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini: miguu ilikuwa mizima siku ile. Nani angejua? Akamtazama Kamanda, naye alikuwa akilamba, bila kumjali mtu.

"Sikumgusa, Daktari. Nilibuni." "Mama Awino, mbwa wako ameteseka kwa sababu yangu. Niwie radhi."

Awino hakusema "si neno". Alisema, "Basi mguse. Nakutazama."

Glavu zilikuwa bado hazijaletwa. Swabaha akapiga magoti, akapanua kidole kwa kidole. Katikati nyama ilikuwa wazi, inanuka.

"Wekundu, tatu. Michubuko, tatu. Ngozi, mbili."

Kila mguu ulimshusha sauti. Kufikia wa nne Nanjala alimwambia arudie, hasikii. Jumla mpya ikaandikwa, na dawa kali zaidi.

Swabaha akatoka uani, akachota udongo kando ya bomba. Wateja benchini wakamgeukia.

"Dada, si leo!" Seth alisema kutoka mlangoni. "Watu wamekuja na mbwa wao, unawaonyesha kuwa mbwa hao ni uchafu? Waombe radhi, yaishe."

Mashavu yalikuwa bado yanamchoma. Akausugua udongo mpaka kwenye viwiko.

"Kosa langu nimeliombea radhi mle ndani, Seth. Kwa hili siombi."