Kushoto kwa Sifuri

Mkutano wa maji ulipoanza mtaani Mashimoni, Lavender alikaa mbele kabisa, akitabasamu. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiuliza watu walipata mitungi mingapi ya maji kwa siku, na wengi walimjibu, "Hata moja." Irungu, rafiki yake wa Kawangware, ndiye aliyeyachora majibu hayo kwenye kompyuta.

Mchoro ulipowaka ukutani, tabasamu likamkauka. Penye sifuri, pale mlima wa waliokosa ulipopaswa kusimama, mstari ulikuwa umeteremka. Programu isipoambiwa kwamba maji hayawezi kuwa chini ya sifuri, huwamwaga nusu ya waliokosa upande wa pili wa sifuri, eti kuna mtu hupata chini ya kukosa. Irungu alikuwa ameukata upande huo akautupa.

"Mnaona wenyewe," akasema mwenye vioski vya maji, "wanaokosa ni wachache. Vioski vyangu vinatosha."

Lavender alimgeukia Irungu. "Kuweka mpaka kwa sifuri si ni wewe ulinifundisha?"

"Mzee huyu wa vioski ndiye alinipa kazi, Lavender. Alitaka ikae hivyo."

Lavender akasimama, akaweka kidole ukutani, kushoto kwa sifuri, palipokuwa peupe.

"Mamangu ulimtupa hapa," alisema. "Na maji yake ya mwisho alikupikia wewe chai."