Taa ya Diski Iliyokataa Kuzima

Ofisini walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Alikula chapuchapu, alicheka chapuchapu, na mwaka mzima alikuwa akiandika kiendeshi kipya cha diski, yaani ile programu inayopokea maombi ya kusoma na kuandika na kuyafikisha kwenye diski. Kiendeshi cha zamani kilihudumia ombi moja moja. Chake kilikuwa na nyuzi nane, mikondo minane ya kazi, ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, zote zikichapa kazi kwa pamoja.

Mchana ule mkuu wa kitengo angechagua kimoja tu kiingie kwenye mashine mpya, na kingine kifutwe. Kile cha zamani kiliandikwa na nani basi? Na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeketi meza ya pili na utani wake tangu asubuhi.

"Wifi, jiandae kurudi nyumbani ukampikie kaka yangu."

"Kaka yako anapika kutushinda sote. Wewe tazama skrini."

Walipima mambo mawili: ombi linasubiri muda gani hadi lijibiwe, na data kiasi gani inapita kwa sekunde. Kiendeshi cha wifi kilitoa namba nzuri, kama mzee aliyeizoea njia. Ikaja zamu ya kipya. Maombi yakasubiri mara tatu zaidi, data ikapita nusu tu. Chapuchapu akaongeza nyuzi, mambo yakazidi kuharibika.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," wifi akasema kwa raha zake.

Chapuchapu hakucheka. Akasimamisha kipimo, machozi yakimlengalenga. Mwaka mzima wa jasho lake ulikuwa unakwenda na maji, tena mbele ya mtu ambaye Jumapili wangekula naye meza moja.

Wifi akaliona hilo, akaacha utani. Kisha macho yake yakahamia kwenye taa ndogo ya kijani ya diski. Taa ilikuwa inapepesa.

"Wifi, si umesimamisha kipimo?"

"Nimesimamisha."

"Sasa hiyo diski inaandika nini?"

Chapuchapu akajipiga paji la uso. Wiki iliyopita, akisaka hitilafu, alikuwa ameagiza kila uzi uandike kumbukumbu ya kila ombi: limeingia, limetoka. Hakuiondoa amri ile. Na kwa haraka zake kumbukumbu hizo alizielekeza kwenye diski ile ile inayopimwa, katika faili moja, nyuzi zote zikipanga foleni kuliandikia, na foleni hiyo ilikuwa bado haijaisha. Alikuwa kama bawabu wa arusini anayemsimamisha kila mgeni mlangoni amuulize habari za safari, halafu analalamika kwamba wageni wamechelewa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi akasema, na safari hii wote wawili wakacheka.

Amri ikafutwa, kiendeshi kikaundwa upya, kipimo kikaanza. Maombi yakajibiwa kwa nusu ya muda wa kiendeshi cha zamani, data ikamiminika mara tatu ya kile. Chapuchapu akarudia kwa kutoamini. Namba zikawa zile zile. Aliruka, kiti kikaanguka, akapiga vigelegele hadi mhasibu wa chumba cha pili akachungulia aulize nani amejifungua.

Kisha akakiinua kiti, akamgeukia wifi yake. "Wifi, ungenyamaza tu, chako kingebaki."

"Ninyamaze, kaka yangu aishi na mtu aliyenuna? Nampenda kaka yangu." Akamfinya shavu. "Na wewe nakupenda, mjinga wewe."

Mkuu alipoingia, wifi ndiye aliyemwonyesha namba, na ndiye aliyevuta kibodi na kuandika amri ya kukifuta kiendeshi chake mwenyewe. Kidole kilipokikaribia kile kitufe cha mwisho, Chapuchapu akamshika mkono.

"Polepole, wifi," akasema, neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake. "Tukipime kwanza mara ya mwisho."

Wakakipima. Mzee akapita salama, hakuangusha ombi hata moja, na wote watatu wakampigia makofi.